Matumbawe Sebuleni: Nimfuate Mjomba au Rafiki?

SWALI: Asalaam alaykum, Mshauri. Nina tangi la kioo la lita 200 sebuleni, hapa Malindi, na ninataka kufuga matumbawe ndani yake. Mjomba wangu, mfugaji wa siku nyingi, ananionya kwamba bila mashine ya kutoa povu, ile inayonasa uchafu wa maji kwa viputo vya hewa, nitapoteza kila kitu. Rafiki yangu naye anashikilia kwamba mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe vidogo ndani yake, na mchanga mwingi vinatosha. Wote wawili wana matangi mazuri. Ni ipi njia sahihi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu msomaji. Nusu ya jibu umeitaja mwenyewe uliposema kwamba matangi yote mawili ni mazuri. Kila mmoja anasema kweli kuhusu tangi lake, na anakosea pale tu anapotaka tangi hilo liwe sheria kwa wengine.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza jinsi alivyofuga matumbawe kwa maji ya bahari, mawe hai, mwanga wa jua na viputo vya hewa. Baadaye wafugaji wa Ujerumani waliyaunganisha mawe hai na mashine ya povu, njia iliyopewa jina la Berlin. Jean Jaubert, huko Monaco, alitegemea mchanga mzito uliolazwa juu ya nafasi ya maji yaliyotulia, na Walter Adey wa Marekani aliotesha mwani kwenye wavu ili unyonye uchafu. Njia zote hizo zimewahi kustawisha matumbawe, kwa sababu zote zinafanya kazi ileile kwa mikono tofauti. Kinyesi na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ikizidi, mwani huota na kuyafunika matumbawe. Mashine ya mjomba wako huutoa uchafu kabla haujaoza, ilhali mchanga wa rafiki yako huwahifadhi, katika tabaka la chini lisilo na hewa, bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa gesi inayopotea angani.

Yasiyo na hiari ni machache: usitie kiumbe chochote kabla amonia na nitriti hazijashuka hadi sifuri, jambo linalochukua aghalabu wiki nne hadi sita, na chumvi ikae karibu na gramu 35 kwa kila kilo ya maji.

Hapo kwenye chumvi ndipo penye mtego kwetu sisi watu wa pwani. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaohangaika kupasha maji moto, ilhali sisi shida yetu ni kuyapoza. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyashusha nyuzi mbili au tatu, lakini huyafanya yapungue upesi. Katika tangi langu la kwanza nilikuwa nikijazia maji ya bahari kila yalipopungua, nikiamini kwamba ninayarudishia asili yake. Baada ya wiki kadhaa ukingo wa kioo ulikuwa umeganda chumvi nyeupe, matumbawe yamejikunja kama ngumi, na kipimo kikasoma 41. Maji hupanda na mvuke, chumvi hubaki. Kwa hiyo kinachopungua hujaziwa maji yasiyo na chumvi, na ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa kuliko ya kisima.

Maji ya bahari ya kuanzia nayo yana msimu wake. Mto Sabaki ukifurika wakati wa kaskazi, tope lake husukumwa kusini hadi kwetu na bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Usichote siku hizo. Wala usichukue hata kijiwe katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyolindwa tangu 1968. Mwamba ule ulipauka vibaya kwa joto la mwaka 1998 na matumbawe mengi yakafa. Kuuvunja tena kwa ajili ya pambo la sebule ni dhambi ambayo sitaki kuiona ikitendwa na msomaji wa safu hii.

Kwa tangi la lita 200 mimi ningemfuata mjomba, kwa kuwa mchanga mzito ungekula nafasi kubwa mno, na mchanga huo ukichakurwa hutoa gesi yenye sumu. Ila umeme ukikatika usiku mashine husimama, na viumbe hukosa hewa baada ya saa chache. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujanunua taa. Kisha mwombe mjomba akukatie kipande kimoja cha tumbawe laini kutoka tangi lake, ukitazame mwezi mzima kabla ya kuomba cha pili.