Biashara ya nyumbani ukiwa na watoto wadogo: kwa nini niliacha maandazi nikaingia kwenye ubuyu

Mdogo wangu uliyeuliza ufanye biashara gani nyumbani kwa mtaji wa laki moja na nusu, ukiwa na mtoto wa miaka miwili na mwingine wa miezi mitano: swali lako nilikuwa nalo mimi miaka sita iliyopita, hapa hapa Dar. Naona wengi wamekushauri maandazi na vitumbua. Mimi nilianza na hayo hayo maandazi, ngoja nikusimulie.

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa zile siku 84 za kisheria. Zilipoisha, dada wa kazi akaondoka bila kuaga, sikuwa na wa kumwachia mtoto, nikaacha kazi. Wateja wa maandazi wanagonga mlango saa kumi na mbili asubuhi, maana yake saa kumi alfajiri uko jikoni. Na mtoto ananyonya. Ukitoka tu kitandani naye macho. Nilikuwa nachoma maandazi nimembeba mgongoni. Alipoanza kutembea, asubuhi moja nilimketisha kwenye mkeka, nikageuka kuchukua chujio. Kurudisha macho, mkono wake uko kwenye mpini wa kikaango. Nilimrukia. Mafuta yalinimwagikia mimi mguuni, yeye halikumgusa hata tone. Kovu ninalo mpaka leo juu ya kifundo. Unga uliobaki siku ile nilimgawia jirani, sikuchoma tena.

Ndiyo maana nakuomba, kabla hujapiga hesabu ya faida jiulize: mtoto akilia, kazi hii naweza kuiacha katikati nikairudia baada ya saa nzima isiwe imeharibika? Maandazi hayakubali. Ubuyu unakubali, sehemu kubwa.

Nasema ule ubuyu mwekundu wa kumung'unya, wa Kizanzibari. Nanunua ubuyu mkavu Kariakoo, nauchambua, natoa nyuzi na mbegu zilizooza. Kwa kilo moja naweka sukari nusu kilo, maji vikombe viwili, chumvi kidogo, iliki ya kusaga, pilipili ya unga na rangi ya chakula. Vinachemka mpaka shira inanata kidoleni, ndipo namimina ubuyu na kugeuza kwa moto mdogo bila kupumzika, mpaka shira inyonywe na kila mbegu isimame peke yake. Hapo tu ndipo huwezi kuondoka, na ni kama dakika 40. Napika usiku watoto wamelala, mlango wa jiko umefungwa. Kuchambua, kupima, kufungasha, hayo nafanya mchana: nanyonyesha, nanawa mikono, narudi. Ukipoa vizuri na ukawa mkavu unakaa wiki kadhaa, wakati andazi likilala halina mteja.

Ila huyo wako wa miaka miwili asikaribie sinia kabisa. Mbegu ya ubuyu inampalia mtoto mara moja. Mimi ndoo zangu zote zina mfuniko na zinakaa juu ya kabati.

Kwenye pesa, usiiingize laki na nusu yote. Anza na elfu arobaini, ujue kwanza mtaa wako unapenda pilipili kiasi gani. Chukua laini nyingine ya simu iwe ya biashara tu, pesa ya ubuyu isichanganyike na ya mboga. Na usikopeshe, hata mama wa chumba cha pili. Mwezi wangu wa tatu nilijumlisha daftari nikakuta nadai elfu sitini na nane kwenye korido moja, na watu wenyewe ndio ninaoteka nao maji kila asubuhi. Kumdai mtu wa hivyo kunauma kuliko kukosa mteja. Vikopo vingi napeleka kwenye maduka mawili na saluni moja; wananilipa ninapoleta mzigo mpya.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, kaa nayo mbali. Nilikopa nikitaka kukuza mtaji, rejesho kila wiki, wiki mtoto alipolazwa nikashindwa, wakaja kubeba televisheni watoto wakiangalia. Sitasahau sura ya mkubwa wangu. Ukihitaji kuongeza mtaji, ingia kikoba cha watu mnaojuana, au muunde kikundi muulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kati ya hizo ni ya wanawake, na mkopo wake hauna riba. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Ina mizunguko, lakini hakuna atakayekuja kubeba kitu chako wiki ijayo.

Kwa sasa huyo wa miezi mitano bado anaamka usiku, kwa hiyo mwezi wa kwanza pika mara moja tu kwa wiki, siku ambayo baba yao yupo nyumbani, kilo mbili zisizidi. Akianza kulala mfululizo utaongeza. Ukipika wa kwanza shira ikigoma kukauka, usiongeze sukari. Punguza moto uendelee kugeuza, utakauka.