Kamba ya pampu ikikatika na vitunguu vina kiu

Mwaka wangu wa kwanza kulima vitunguu Ruaha Mbuyuni, kamba ya kuwashia pampu ilinikatikia mkononi saa moja asubuhi. Miche ilikuwa na siku nne tu tangu itoke kitaluni, jua la Septemba lilishaanza kuchoma, na fundi tunayemtegemea alikuwa amekwenda Iringa mjini. Siku hiyo nilijifunza kuwasha injini bila starta yake, yaani kile kifaa chenye kamba ya kuvuta, na nilijifunza kwa kuumia. Ndiyo maana nayaandika haya.

Kwanza, usifungue kitu kabla hujajua kama kweli tatizo ni kamba. Nimeshuhudia mtu akivuta mpaka mabega yanawaka, kumbe injini haitoi spaki, ile cheche ya plagi, kabisa. Pampu zetu nyingi za inchi mbili na tatu zina injini za aina ya Honda GX160 au zilizotengenezwa kwa kuiga hiyo, na nyingi zina kihisio cha oili ndani. Oili ikipungua, kihisio kinakata moto wa plagi. Wengi hawajui kwamba hata pampu ikikaa kwenye mteremko wa mfereji, oili inakimbilia upande mmoja na kihisio kinadhani imekwisha. Niliwahi kuvuta yangu karibu nusu saa pale ukingoni. Jirani akaja, akaniambia, "Mdogo wangu, hebu iweke sawa kwanza." Tukaibeba hatua tatu hadi penye tambarare, nikavuta mara moja, ikawaka.

Plagi nayo itoe uitazame. Ikiwa imelowa petroli, ifute, iache ikauke juani, na uvute injini mara kadhaa ikiwa wazi, swichi imezimwa, ili petroli iliyozidi itoke. Wapo wanaoichoma plagi kwenye jiko la mkaa. Inasaidia, ila fanya hivyo mbali na dumu la petroli.

Sasa kamba. Mfuniko wa starta umeshikwa na boliti tatu, mara nyingi za spana namba 10. Ukiutoa, utaona flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na katikati yake kikombe cha chuma chenye matundu pembeni. Hapo ndipo tunapofanyia kazi. Chukua kamba ya urefu wa mita moja hivi, unene kama wa kidole kidogo au pungufu, ipige fundo moja mwishoni. Fundo liegemee kwenye tundu la kikombe, kisha zungusha kamba kama mshale wa saa unavyokwenda, mara mbili au tatu, bila kupandisha uzi juu ya uzi. Jaza maji kwenye pampu, fungua mafuta, vuta choki (kile kishikio cha kupunguza hewa), washa swichi. Vuta polepole mpaka uhisi pistoni inakataa, rudisha kamba upya kutoka hapo, kisha vuta kwa nguvu moja iliyonyooka.

Fundo LIEGEMEE tu, lisifungwe. Mimi nililifunga, nikiogopa litachomoka. Injini ilipowaka, kamba haikuachia. Ilizunguka pamoja na flaiwili, na kile kijiti nilichofunga kama mshikio kikanipiga mkono mara mbili kabla sijaruka pembeni. Mfupa ulipona, lakini nilimaliza msimu ule nikimwagilia kwa mkono mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo, usizungushe kamba kwenye kiganja chako. Injini inaweza kurudi nyuma ghafla na kuondoka na vidole. Khanga, mikono mirefu ya shati na watoto, vyote vikae mbali, maana mapezi ya flaiwili sasa yako wazi.

Kuna vijana wanaotumia drili ya betri na boksi spana namba 19 kwenye nati ya flaiwili. Inawasha kweli. Lakini injini ikishika, inazunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, na usipochomoa papo hapo drili inakukunja kifundo cha mkono. Mimi siitumii, na sikushauri.

Kwa mashine ya kusaga ya dizeli, ile ya pistoni moja yenye tanki la maji wazi juu, adui mkubwa ni baridi. Ndugu zangu wa Njombe mwezi wa Juni wanalijua hili. Mwaga maji yaliyolala ndani, mimina ya moto, anza na ya vuguvugu ili chuma kisipasuke, subiri dakika chache. Inua kile kishikio cha kuachia kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, zungusha hendeli mpaka flaiwili ishike kasi, kisha kishushe. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiikumbatie hendeli. Ikirudi nyuma, itateleza mkononi badala ya kukuvunja gumba. Tambara linalowaka mbele ya kichujio cha hewa nimeliona likitumika kupasha hewa inayoingia; chumba cha mashine kimejaa vumbi la unga, tafadhali msifanye.

Kamba yangu ya akiba inakaa kwenye boksi la spana, ni ya katani kwa sababu haitelezi ikilowa maji ya mfereji. Fundo lake moja limeshapigwa, na upande wa pili nimeweka kipande cha mti wa mpera kinachojaa kiganjani.