Maswali yenu kuhusu makaburi ya City Park, Forest Road na Kariokor

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu makaburi ya zamani ya jiji letu la Nairobi. Nimejibu zile zinazogusa wengi.

Msomaji wa Buruburu: "Nataka kuwapeleka wanangu City Park Jumapili waone kaburi la Pinto. Tunafikaje, na kuna lingine la kuona?"

Pandeni matatu za Ruaka au Banana zinazopita Limuru Road, mshukie soko la City Park. Nendeni asubuhi. Makaburi yamo humo humo bustanini. Wageni wengi hupelekwa moja kwa moja kwa kima, kwa hiyo semeni mapema kwamba mnatafuta makaburi.

Kabla hamjafika, waelezeni watoto huyo mtu alikuwa nani. Pio Gama Pinto alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1927 katika familia ya Wagoa. Mkoloni alimfunga kisiwani Manda pamoja na wafungwa wa Mau Mau. Baada ya uhuru akawa mbunge, na hakuacha kutetea wasio na ardhi. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi langoni kwake Westlands, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Mkitoka hapo nendeni kwa Joseph Murumbi, rafiki yake, aliyekuwa makamu wa pili wa rais kwa miezi michache ya mwaka 1966 kabla ya kujiuzulu. Alitaka azikwe karibu na Pinto. Alifariki mwaka 1990, akazikwa bustanini nje ya uzio wa makaburi, na mkewe Sheila amelazwa kando yake. Pametengenezwa vizuri na kuna sanamu za wasanii wa Afrika Mashariki. Msidhani palikuwa hivyo siku zote. Wanyakuzi wa ardhi walikuwa wamekwisha kuitia mkono ardhi iliyozunguka kaburi la makamu wa rais, watu wakapiga kelele ndipo pakaokolewa. Mwaka 2009 bustani nzima, hekta zipatazo 60, ilitangazwa rasmi kuwa turathi ya kitaifa. Waonyesheni watoto na ule uzio, kisha muwaambie kwa nini upo.

Msomaji wa Umoja: "Kaburi la Tom Mboya ni lile lenye msalaba mkubwa hapo City Park?"

Hapana. Mboya, aliyekuwa waziri, amezikwa kisiwani Rusinga. Jijini ana sanamu yake Moi Avenue, karibu na alipouawa Julai 1969. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado watu wanapiga picha kwenye makaburi ya familia za watu wengine na kuzisambaza kwa jina la Mboya. Jiwe lina jina. Lisomeni kwanza.

Msomaji wa Kasarani: "Tubebe ndizi au njugu za kima?"

Msibebe chochote. Kima aliyezoeshwa njugu hukunyang'anya mfuko, humng'ata mtoto, kisha lawama humwangukia kima huyo. Msitu ule una matunda na majani ya kumtosha.

Msomaji wa Githurai: "Kaburi la Profesa Wangari Maathai liko wapi? Niliambiwa Forest Road, ndiyo maana barabara ikapewa jina lake."

Hana kaburi Forest Road. Mwili wake ulichomwa Kariokor, kwenye tanuri la Wahindu, tarehe 8 Oktoba 2011, na majivu yakahifadhiwa kwenye taasisi yenye jina lake kule Kabete. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo lilitengenezwa kwa magugumaji, mafunjo na mianzi. Barabara ilipewa jina lake kwa kazi aliyoifanya akiwa hai: mwaka 1989 alisimama kupinga jengo refu Uhuru Park, miaka kumi baadaye akasimama kuutetea msitu wa Karura akapigwa hadi damu ikamtoka kichwani. Anayepita barabara hiyo akiona miti ya makaburini inakatwa ovyo, ajue la kufanya.

Msomaji wa Ngara: "Nyanya yangu amezikwa Forest Road na maandishi hayasomeki. Fundi ananiambia tusugue jiwe kwa asidi na burashi ya waya."

Mkataze huyo fundi leo. Asidi hula marumaru, na burashi ya waya hung'oa uso wa jiwe pamoja na herufi zilizobaki. Tumia maji matupu na burashi laini ya nailoni, ukianzia chini kupanda juu. Kusoma, nenda jua likiwa limeinama, asubuhi au alasiri: mwanga ukilipiga jiwe kutoka ubavuni, hata herufi iliyofifia huonyesha kivuli chake. Pale herufi za madini ya risasi zilipobanduka, tazama vitundu vidogo zilimoshikiliwa, maana mpangilio wake hukupa umbo la kila herufi. Nakili jina na mwaka siku hiyo hiyo.

Msomaji wa Kangundo: "Babu ya baba yangu alichukuliwa na Wazungu Vita vya Kwanza kubeba mizigo, hakurudi. Kaburi lake liko Kariokor au Ngong Road?"

Pole sana, ndugu yangu. Ngong Road ni makaburi ya Vita vya Pili, yalianzishwa mwaka 1941. Nyasi zimekatwa na karibu kila jiwe limesimama na jina lake. Babu yako hayumo. Kariokor ilikuwa kambi ya wapagazi, walikokusanywa kabla ya kupelekwa Tanganyika kubeba chakula na risasi za jeshi la Waingereza. Walikufa njiani kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Hesabu rasmi inapita 40,000, na wapo wanahistoria wanaokaribia 100,000. Wengi hawakupewa jiwe wala kuandikwa jina.

Halikuwa jambo la bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tume hiyo sasa inakusanya majina hapa Kenya. Kaa na wazee wa ukoo ungali nao, uandike jina lake, kijiji chake na chifu aliyemtoa, uwapelekee. Kisha nenda Kenyatta Avenue kwenye sanamu za shaba za mwaka 1928. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi.

Msomaji wa Kilimani: "Kwa nini kaunti isihamishe makaburi ya zamani ijenge nyumba? Wafu hawahitaji ardhi ya Parklands."

Niambie nyumba hizo zitakuwa za nani. Ardhi ya makaburi ikiguswa jijini hapa, maskini hapati chumba. Kumbuka Mavoko, nje ya jiji: Baraza la Jiji lililipa shilingi milioni 283 kwa shamba la kuzikia watu, likaja kugunduliwa ni mwamba usiochimbika, na thamani yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya pesa hizo. Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa zamani na bado tunazika huko. Wanaoutamani uwanja wa City Park ni hao hao walioacha jiji bila mahali pa kuzika.

Kwa hiyo nawaomba nyote mnaopita pale. Mkiona mabati yamesimamishwa, vigingi vya mpimaji, au ilani ya kubadilisha matumizi ya ardhi imebandikwa mahali pa kujificha, pigeni picha ionyeshe tarehe na mahali. Pelekeni nakala kwa Makumbusho ya Kitaifa, wanaosimamia turathi, na nyingine kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na mdai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala mtakayobaki nayo.