Askari aliyelazwa hataki kuacha sigara: nimsaidieje?

Swali: Daktari, mimi ni muuguzi wodi ya upasuaji katika hospitali ya jeshi. Wagonjwa wangu wengi ni askari vijana waliovunjika mifupa, na wavutaji ni wengi. Tulifundishwa kwamba ushauri wa kuacha sigara ufuate utayari wa mgonjwa. Kwa vitendo, anayesema hayuko tayari tunaachana naye, na aliye tayari tunampa kipeperushi. Usiku tunawakuta wale wa kwanza nje, wanavuta huku wamejiegemeza kwenye magongo. Utayari huo naupimaje, na nikishaupima nifanye nini?

Jibu: Asante kwa swali hili, kwa sababu wagonjwa hao unaowakuta nje usiku ndio hasa wanaotuhitaji.

Mfumo mliofundishwa ulitokana na kazi ya wanasaikolojia James Prochaska na Carlo DiClemente mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unamtofautisha mvutaji asiyefikiria kuacha ndani ya miezi 6 ijayo, anayefikiria, anayejiandaa kuacha ndani ya siku 30, aliyekwisha kuacha, na aliyedumu bila sigara zaidi ya miezi 6. Ni mfumo mzuri wa kukufundisha kusikiliza. Lakini mapitio ya tafiti ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, hayakuona kwamba msaada uliopangwa kwa hatua hizo unashinda msaada kama huo uliotolewa bila kuzifuata. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: utayari ukuongoze namna ya kuzungumza na mgonjwa, usiwe kigezo cha kumnyima dawa.

Fikiria kinachotokea mwilini. Askari aliyezoea pakiti moja kwa siku analazwa mahali pasiporuhusiwa kuvuta. Ndani ya saa chache arosto, yaani mwili kudai nikotini uliyoizoea, inaanza: hasira, wasiwasi, kukosa usingizi, kushindwa kutulia. Siku 2 au 3 za mwanzo huwa mbaya zaidi, halafu hali hupungua polepole kwa wiki 2 hadi 4. Wodini tunamwita mkorofi, au tunadhani ni maumivu tu. Mtu huyo anahitaji nikotini ya dawa hata kama hana mpango wowote wa kuacha. Mwambie, "Hii ni ya kukutuliza ukiwa hapa. Uamuzi wa kuacha ni wako." Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya nikotini ya miligramu 21, inayobandikwa kwenye ngozi. Hamu ikimpanda licha ya plasta, mwongezee chingamu ya nikotini: ya miligramu 4 kwa anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, ya miligramu 2 kwa wengine. Akipita siku kadhaa bila mateso, mara nyingi yeye mwenyewe huanza kuuliza maswali, na hapo umeshapata mlango.

Kupima utayari hakuhitaji fomu ndefu. Muulize: "Kutoka 0 hadi 10, kuacha sigara kuna umuhimu gani kwako sasa?" Akijibu 3, usimuulize kwa nini si 8, atakutajia vizuizi na kuvitetea. Muulize kwa nini 3 na si 0. Atakutajia sababu zake mwenyewe: mbio zinamshinda, mtoto amezaliwa, anataka mguu upone arudi kikosini. Kisha uliza swali la pili, ana uhakika kiasi gani kwamba akijaribu ataweza. Mwenye umuhimu 9 na uhakika 2 hahitaji kuelimishwa madhara. Anahitaji dawa, na mpango wa saa zile ngumu: lindo la usiku, baada ya chakula, akiwa na wenzake wanaovuta.

Hapa jeshi lina ugumu wake. Askari amezoea amri, na ukimwamuru aache atajibu "Ndiyo, afande" bila kubadilika chochote. Ukiwa na cheo kikubwa kuliko chake, keti, omba ruhusa ya kuzungumza, na umhakikishie kwamba majibu yake hayaendi kwa kamanda wake. Kisha hakikisha kweli hayaendi. Mweleze kuhusu mfupa wake: moshi hupunguza oksijeni inayofika kwenye jeraha, na mifupa ya wavutaji huchelewa kuunga. Kwa kijana wa miaka 22 hilo lina uzito kuliko saratani ya miaka 40 ijayo.

Kwa walio tayari, mjadili na daktari wa wodi dawa za kusaidia kuacha, kama bupropioni na vareniklini. Bupropioni haifai kwa mwenye kifafa, na aliyeumia kichwa anahitaji tahadhari kubwa kwa sababu inaongeza hatari ya degedege. Vareniklini haikatazwi kwa watu hao, ila nayo itumike kwa tahadhari kwa mwenye historia ya degedege, na dozi hupunguzwa figo zikiwa dhaifu sana. Jambo jingine linalosahaulika: moshi wenyewe, wala si nikotini, huharakisha ini kuvunja baadhi ya dawa. Mgonjwa anayetumia klozapini au olanzapini, dawa za magonjwa ya akili, akiacha sigara ghafla, dawa hupanda kwenye damu hata kama amebandikwa plasta. Kafeini nayo hupanda, kwa hiyo apunguze kahawa.

Kazi hii haiishii mlangoni mwa wodi. Msaada unaoanza hospitalini huonyesha matokeo pale unapoendelea angalau mwezi 1 baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Aondoke na dawa mkononi, na karatasi ya kuruhusiwa iwe na tarehe ya kupigiwa simu ndani ya wiki ya kwanza pamoja na jina la atakayepiga. Akikuambia amevuta, uliza ilikuwa saa ngapi na alikuwa na nani, kisha mrekebishe mpango hapo hapo kwenye simu. Na yule aliyekataa kabisa, mpigie pia, kwa ruhusa yake.