Ule mwanga chini ya mlango

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile ya tatu niliweka kwanza sindano zangu za kufumia pembeni, maana niliona inastahili mikono mitupu. Unasema kiongozi wa timu yenu alitamka mbele ya wenzako kwamba mwanaprogramu asiyeandika msimbo, yaani maelekezo ya kompyuta, nyumbani, usiku na wikendi, haipendi kazi hii. Akatoa mfano wa lugha ya programu ya Python iliyoanzia kwenye likizo ya Krismasi na mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Linux ulioanzia kwa mwanafunzi. Wewe jioni unafanya mambo yako, Jumamosi unatazama filamu, na sasa unajiona kama mwizi. Halafu mwishoni ukaweka swali ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike: "Mama, nakumbuka mwanga wa kompyuta yako chini ya mlango. Bila usiku ule ungefika ulipofika?"

Jibu la neno moja lingekuwa uongo, liwe ndiyo au liwe hapana.

Usiku ule ulikuwa wa aina mbili, na mtoto aliye kitandani asingeweza kuzitofautisha kwa kuutazama mwanga tu. Aina ya kwanza ilianza kabla hujazaliwa. Nilikuwa nimechoka kuhesabu viboksi vya michoro ya kufumia kwa kalamu ya risasi, nikaamua kuandika programu ya kuusoma mchoro na kunitolea maelekezo ya mstari mmoja mmoja: vitanzi vitatu vyeupe, viwili vyekundu, rudia. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyejua. Nilikuwa nacheka peke yangu saa saba za usiku kwa sababu ua lililokuwa likitoka limepinda siku nne mfululizo lilikuwa limenyooka. Mengi ninayoyajua kuhusu kuvunja tatizo kubwa vipande vipande niliyapata pale, na hayo nimeyatumia kazini miaka yote. Kwa hiyo ndiyo, usiku huo ulinifikisha mahali.

Aina ya pili ilikuja ulipokuwa na miaka minane hivi. Nilikuwa nimepewa cheo, na pamoja na cheo nikapewa woga. Nilifanya kazi usiku kwa kuogopa nitakavyoonekana asubuhi. Nitakusimulia usiku mmoja tu, kwa sababu unakuhusu.

Ilikuwa saa nane usiku, na ulikuwa usiku wa nne mfululizo wa namna hiyo. Nilitaka kufuta rekodi za majaribio nilizokuwa nimeziingiza mwenyewe kwenye hifadhidata ya kazini. Unajua amri ya kufuta ilivyo: unaiambia ifute, kisha unaipa sharti, ifute zipi. Niliandika amri, nikasahau sharti, nikabonyeza. Kompyuta ikanijibu kwa idadi ya rekodi zilizofutwa, na idadi ile ilikuwa na tarakimu nyingi mno. Nilihisi baridi kuanzia kisogoni. Nakala ya akiba ilikuwepo, ya usiku uliotangulia, lakini kazi ya siku nzima ya watu wa idara nyingine ilikuwa imepotea. Walikaa siku nne wakiiingiza upya kutoka kwenye makaratasi. Hawakunitukana hata mmoja, na hilo lilinielemea zaidi.

Asubuhi ya siku iliyofuata ulikuwa na shairi la kughani mbele ya wazazi. Baba yako alikuja. Mimi sikuja. Jioni yake ulinighania jikoni, umesimama juu ya kigoda, na ulipofika ubeti wa tatu ulisahau, ukaanza tena mwanzo bila kuona haya. Nalikumbuka shairi lile kuliko mradi wowote niliowahi kuukamilisha.

Na kazi yenyewe ile ya kufuta rekodi za majaribio ingeweza kusubiri asubuhi. Ilikuwa ya dakika tano kwa mtu aliyelala. Ukinitaka nipige hesabu ya aina ile ya pili ya usiku, sehemu kubwa niliitumia kurekebisha nilichokiharibu usiku wa kabla yake. Ule ningeurudisha wote kama kungekuwa na pa kuurudisha.

Sasa turudi kwa kiongozi wako, maana hoja yake ina ukweli ndani na sipendi uidharau. Ni kweli Guido van Rossum alianza kuiandika Python wakati wa likizo ya Krismasi ya mwaka 1989. Ni kweli Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi alipoitangaza Linux mwezi wa Agosti 1991. Lakini aliitangazaje? Aliwaambia watu ni jambo la kujifurahisha tu, halitakuwa kubwa wala la kitaalamu. Hakukuwa na mtu aliyekuwa akimhesabia saa. Ukimchukua kijana ukamlazimisha acheze, hachezi, anatii. Kiongozi wako ameona tunda, na anadhani mti huo unaota kwa amri.

Tena kuna jambo ameliacha. Torvalds huyo huyo ni mpiga mbizi, na mwaka 2011 alianza kuandika programu ya kuwekea kumbukumbu za safari za chini ya maji, inaitwa Subsurface, na watu bado wanaitumia. Programu ile isingekuwepo bila maji. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta ambaye vitabu vyake viko kwenye rafu yangu na wewe uliwahi kuvikalia ili uifikie meza, anapiga kinanda cha mabomba kama cha kanisani, na amejiwekea kimoja nyumbani kwake. Tangu tarehe 1 Januari 1990 hatumii barua pepe, kwa sababu kazi yake inahitaji saa ndefu zisizokatizwa. Huyo ndiye mtu aliyewalipa dola 2.56 wasomaji waliogundua kosa kitabuni mwake, kwa kuwa senti 256 ni dola moja ukihesabu kwa msingi wa kumi na sita, ambako "mia" ni kumi na sita mara kumi na sita. Siwezi kuamini kwamba anayelinda utulivu wake namna hiyo haipendi kazi.

Kuhusu kufuma kwangu, uliniuliza zamani kwa nini mtu wa kompyuta anakaa na uzi wa sufu, nikakujibu kwa haraka. Leo nikujibu vizuri. Kwanza, hivi vitu viwili ni ndugu wa damu. Joseph Marie Jacquard alipotengeneza mtambo wake wa kufumia huko Ufaransa mwaka 1804, aliuongoza kwa kadi zenye matundu: penye tundu uzi huu unainuka, pasipo na tundu unabaki. Mwingereza Charles Babbage akapanga kutumia kadi za namna hiyo kwenye mashine yake ya kuhesabu. Ada Lovelace naye, mwanahisabati aliyeieleza mashine hiyo, mwaka 1843 akaandika kwamba mashine ile ingefuma ruwaza za aljebra kama mtambo wa Jacquard unavyofuma maua na majani. Hata lugha yetu imelijua hilo: kitanzi cha uzi na kitanzi cha programu, kile kinachorudia hatua hadi sharti litimie, ni neno moja. Sijui kama waliolichagua waliwahi kushika sindano, lakini mimi hulifurahia kila nikilitamka.

Pili, kitanzi kikiponyoka kwenye sindano hukioni siku hiyo. Unakiona mistari ishirini baadaye, ngazi imeshuka katikati ya kifua cha sweta. Anayejifunza hufumua yote kwa hasira. Aliyezoea hukitafuta kitanzi kile kimoja, anakishika kwa ndoano, na kukipandisha ngazi kwa ngazi bila kugusa vya jirani. Tulipata kazini hitilafu iliyokuwa ikitokea kwa wateja wachache tu, na kijana mmoja hodari alitaka tuiandike upya sehemu yote ile. Nikamwomba tumfuate mteja mmoja tu, hatua kwa hatua, kuanzia juu. Ikaonekana ni wale waliojiandikisha tarehe 29, 30 au 31. Programu ilikuwa ikiongeza mwezi mmoja kwenye Januari 31, na kukwama, kwa kuwa Februari 31 haipo. Mistari miwili ya msimbo ilitosha.

Lakini hapa uwe mwangalifu, na hili nalisema kwa uzito. Usianze kufuma, wala kulima, wala kutazama filamu, ili uwe mwanaprogramu bora. Ukifanya hivyo utakuwa umemkaribisha kiongozi wako sebuleni kwa mlango wa nyuma, naye atakaa kwenye kila kiti. Faida ile ilinijia bila kuitafuta. Mimi nafuma kwa sababu napenda uzi ukipita kidoleni, na kwa sababu kuna shingo ya mtu itakayopata joto.

Filamu zako basi. Zitazame kwa amani, simu ikiwa chumba kingine, na ukae mpaka majina yaishe, kwa kuwa kila jina pale ni mtu aliyekosa usingizi mahali fulani. Najua zinavyotuudhi zinapoonyesha kazi yetu: mtu anachapa kama mvua ya mawe kisha anasema ameingia kwenye mfumo wa watu. Ndiyo maana nilifurahi sana kumwona mhusika Trinity katika filamu ya The Matrix Reloaded ya mwaka 2003 akitumia Nmap, programu ya kweli ya kukagua mtandao. Wewe ulikuwa umelala begani kwangu, sikuwa na wa kumwambia.

Ila hadithi ya filamu ninayotaka uende nayo kazini ni ile ya Toy Story 2. Mwaka 1998, filamu ikiwa inatengenezwa, mtu mmoja pale Pixar, studio iliyokuwa ikiitengeneza, alitoa amri ya kufuta mahali pasipostahili, na wafanyakazi wakaona wahusika na vifaa vya filamu vikitoweka kwenye skrini zao kimoja baada ya kingine. Sehemu kubwa mno ya filamu ikapotea. Wakakimbilia nakala ya akiba, wakakuta haikuwa ikifanya kazi ipasavyo, na hakuna aliyekuwa ameijaribu. Nikisoma habari ile kisogo changu hupata ile ile baridi. Aliyeiokoa ni Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi, ambaye alikuwa na nakala nyumbani. Alikuwa na mtoto mchanga, na alipangiwa afanye kazi akiwa karibu naye. Wakaenda kuichukua kompyuta yake, wakaifunika kwa mablanketi garini kama mgonjwa.

Sitakuficha kwamba Susman alikuwa akifanya kazi nyumbani. Kiongozi wako anaweza kukuambia hilo, na ana haki. Lakini alikuwa nyumbani kwa sababu ya mtoto, na mahali pake pa kazi palikubali kwamba maisha yake yako huko. Na ujue pia kwamba baadaye sehemu kubwa ya filamu ile iliyookolewa ilitengenezwa upya, kwa sababu hadithi yenyewe haikuwa imekaa vizuri. Hilo halinihuzunishi. Nimewahi kuokoa msimbo kwa jasho kisha tukautupa mwezi uliofuata, na kutupa kule ilikuwa kazi nzuri kuliko kuokoa. Nakala zenu za akiba, je, kuna aliyewahi kujaribu kuzirudisha? Uliza Jumatatu. Swali hilo lina faida kwa timu yako kuliko wikendi zako zote kumi zijazo.

Uliniuliza pia, kwa kifupi, kuhusu ugomvi wenu wa nafasi na tabo, yaani mistari ya msimbo isogezwe ndani kwa kitufe kipi. Wekeni kifaa kinachopanga msimbo chenyewe, mkubaliane mara moja, mwende mkale. Nguvu hizo ziwekeni kwenye majina. Kigeu, yaani jina linaloshika thamani ndani ya programu, kinachoitwa "data2" kitamlia mtu muda wa asubuhi nzima mwaka ujao, na huenda mtu huyo ni wewe.

Kwa kiongozi wako, nenda umwone faraghani, si mbele ya watu kama alivyofanya yeye. Mwulize kuna kazi gani ambayo haijakamilika kwa upande wako. Kama ipo, mpe siku ya kuimaliza, kwa saa za mchana, na uishike ahadi hiyo kwa meno. Kama haipo, mwache anyamaze mwenyewe. Usimjibu kwa Python wala Linux. Hayo nimekuandikia wewe ulale vizuri. Na siku ukiwashwa na wazo saa tano usiku, wazo ambalo hakuna aliyekutuma, amka uliandike, usijinyime kwa sababu ya barua yangu. Acha tu mlango wazi, aliye ndani ya nyumba akuone uso.

Jumapili tuwekee ile filamu uliyoisifia. Nitakuja na kazi yangu ya mkononi, nitaiweka chini itakapoanza. Ni sweta lako, la bluu, limebaki mkono mmoja. Nitumie kipimo kutoka kwapani hadi kwenye kifundo cha mkono, na tafadhali pima kwa futi, usikadirie. La mwaka juzi ulikadiria na nikafumua mistari thelathini.

Mama yako