Unaipenda kemia, unaogopa baiolojia ya molekuli? Soma hapa

Mkuu, umeuliza kama mtu wa kemia atateseka akiingia idara inayofundisha kemia na baiolojia ya molekuli kwa pamoja, maana umesikia huo upande wa pili ni kukariri tu. Nimesoma na kufanya utafiti kwenye idara ya namna hiyo. Kwa niliyoyaona, kemia yako ndiyo itakayokubeba.

Kukariri kupo, hasa mwanzoni: amino asidi 20, hatua za kuvunja glukosi. Hayo yanapita. Ukiingia maabara ya utafiti, mambo hubadilika. Chukua PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi ndani ya tyubu. Maelekezo yake yanaenea ukurasa mmoja, na yeyote mwenye mkono uliotulia atayafuata. Kazi inaanza siku jeli, ambamo DNA iliyonakiliwa huonekana kama mistari, inapotoka tupu. Mwenzangu mmoja alihangaika na hilo muda mrefu, akabadilisha praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili), akabadilisha polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA), wapi! Kumbe DNA yake ilihifadhiwa kwenye bafa (myeyusho unaozuia pH isibadilike ovyo) yenye EDTA nyingi. EDTA hukamata ioni za magnesiamu, na polimerasi bila magnesiamu haifanyi kazi. Alipoisafisha DNA ile na kuiyeyusha kwenye maji safi, mistari ikatokea. Ni kemia ileile ya ioni za metali ambayo wengi huisomea mtihani na kuisahau.

Tris nayo, bafa inayotumika karibu kila siku, pH yake hushuka takribani 0.03 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi joto linapopanda. Ukiirekebisha iwe 8.0 kwenye nyuzi 25, kisha ukaitumia kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 4, itakuwa karibu 8.6. Kuna protini hazivumilii tofauti hiyo. Kwa hiyo jizoeze kujua kila kilichomo kwenye tyubu kimewekwa kwa kazi gani.

Na wala kemia haiji kama msaidizi tu. Mwaka 1958 wanasayansi Meselson na Stahl walionyesha jinsi DNA inavyojinakili kwa kukuza bakteria kwenye naitrojeni nzito (isotopu yenye uzito kuliko ile ya kawaida), kuwahamishia kwenye ya kawaida, kisha kutenganisha DNA kwa msongamano wake. Swali la baiolojia likajibiwa kwa isotopu. Mpaka leo nikilisoma jaribio lile nasisimka.

Kitakachokuchosha ni muda. Seli unazokuza maabara hazijui Jumapili. Zikifika wakati wa kuhamishiwa chombo kipya, unakwenda. Takwimu pia, usizikwepe. Na kila PCR iwe na tyubu ya maji isiyo na DNA, kwa sababu hiyo ikitoa mstari, huwezi kuyaamini majibu ya tyubu nyingine.

Kuhusu msimamizi, usimchague kwa jina. Zungumza na wanafunzi wake akiwa hayupo, waulize huwa anayatazama matokeo yao kila baada ya muda gani, na jaribio likigoma anakaa nao au anawaachia. Mimi hilo ningeliweka mbele hata ya mada yenyewe.

Ukishajua maabara unazozifikiria zinatafiti nini, ziweke hapa tuzijadili.