Usihukumu kwa spika ya simu

Umeuliza sisi wengine tunasifu nini katika drum and bass, aina ya muziki wa kielektroniki wa kuchezwa, ilhali wewe unasikia ngoma zinazokimbizana tu. Kasi hiyo, ambayo kwa kawaida ni kati ya mapigo 170 na 180 kwa dakika, isikutishe, kwa sababu besi iliyo chini yake mara nyingi hutembea kwa nusu ya mwendo huo, na mwili una hiari ya kufuata upande wowote. Ngoma zenyewe zina asili ya kustaajabisha: nyimbo nyingi za mwanzo zilijengwa juu ya kipande cha sekunde chache alichopiga mpiga ngoma Gregory Coleman wa kundi la The Winstons mwaka 1969, ambacho watayarishaji wa Uingereza, katika miaka ya 1990, walikiongezea kasi, wakakikatakata na kukipanga upya pigo kwa pigo. Tega sikio usikie mapigo hafifu ya snea, ile ngoma yenye mlio mkali, yanayonong'ona katikati ya yale makubwa; mimi huuona ufundi hapo zaidi kuliko kwenye kishindo. Ila tumia spika kubwa au hedifoni nzuri, kwani spika ya simu haiwezi kutoa sawasawa sauti nzito za hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde.